Chuo bure, viza kwa akaunti

Swali: Nimepata nafasi ya uzamili Ujerumani. Kama chuo ni bure, mbona ubalozi unadai maelfu ya euro?

Jibu: Hongera sana! Vyuo vingi vya umma kweli havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Unachodaiwa ni pesa za kujikimu: tangu 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, zinazowekwa kwenye akaunti iliyofungwa. Ukifika, unatoa 992 kila mwezi. Ni zako. Basi usikimbilie kuuza shamba la familia! Barua ya ufadhili, mathalani wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, au mdhamini anayeishi huko akasaini dhamana rasmi, huweza kutosha. Vibarua huruhusiwa siku 140 kwa mwaka, lakini havikupatii viza.