Ada ya Kugusa Fedha Yako Mwenyewe

Kadi ya benki imekwisha kuwa chombo cha kila siku katika nyumba nyingi za nchi yetu. Mwalimu huitumia kutoa mshahara wake kwenye mashine, muuguzi huitumia dukani, na mstaafu huitegemea apate pensheni. Pamoja na kadi yamekuja manung'uniko. Mwisho wa mwezi mtu huitazama taarifa ya akaunti yake, akaona shilingi kadhaa zimekatwa hapa na nyingine pale, wala hakumbuki kuulizwa. Fedha ni yake, ameitolea jasho, naye ametozwa kwa kuigusa. Twataka leo kulichungua jambo hili kwa utulivu, kwa maana hasira peke yake haimfundishi mtu kusoma hesabu.

Kwanza yafaa kujua kadi hiyo hufanya kazi gani. Hatusemi hapa juu ya kadi ya mkopo. Twasema juu ya kadi iliyo kama ufunguo wa fedha ambayo mwenyewe ameiweka benki. Akinunua kitu kwa kadi, benki yake huiondoa fedha katika akaunti yake na kuipeleka kwa benki ya mwenye duka, na katikati wako wenye mitambo ya kupitisha habari, kama Visa na Mastercard. Mwenye duka hapati fedha kamili. Sehemu ndogo hukatwa, na fungu kubwa la makato hayo kwa kawaida huirudia benki iliyotoa kadi. Hivyo benki hulipwa kila kadi inapotumika dukani, hata kama mnunuzi haoni senti moja ikiondoka kwake. Mwenye duka naye si mjinga. Makato hayo huyatia katika bei ya sukari na sabuni, hata yule anayelipa kwa noti akashiriki kuyalipa pasipo kujua.

Ili kuona jambo hili laweza kufika wapi, twachukua kisa cha Marekani cha mwaka 2011. Twakichagua kwa sababu kule hesabu zilichapishwa mbele ya watu wote, na kwa sababu watu wa kawaida walishinda.

Benki za Marekani zilikuwa na chemchemi mbili za fedha katika kadi hizi. Ya kwanza ilikuwa adhabu. Mtu mwenye dola tatu katika akaunti akinunua chakula cha dola nne, benki haikuikataa kadi yake. Ilimlipia dola ile moja iliyopungua, kisha ikamtoza faini ambayo mara nyingi ilifika dola 35. Wengi waliopatwa na faini hizo walikuwa watu wa kipato kidogo, na wengine walitozwa mara tatu au nne kwa siku moja. Katika mwaka 2010 lilianza kutumika agizo la Benki Kuu ya nchi hiyo kwamba mteja asitozwe hivyo kwa kadi asipokuwa amekubali mwenyewe mapema. Chemchemi ya pili ilikuwa makato ya dukani tuliyoyaeleza. Yalikuwa wastani wa senti 44 kwa kila ununuzi. Sheria ya mwaka 2010, katika kifungu kilichopewa jina la Seneta Richard Durbin wa Illinois, iliamuru makato hayo yapatane na gharama ya kazi yenyewe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2011, benki zenye mali ya dola bilioni 10 na zaidi ziliwekewa mpaka wa senti 21, pamoja na nyongeza ndogo sana kwa ajili ya hasara na kuzuia wizi. Kwa ununuzi wa dola 40, mpaka huo ulifika kama senti 24.

Chemchemi mbili zilipopunguzwa, benki zilitafuta ya tatu. Mwishoni mwa Septemba 2011 Bank of America ilitangaza kwamba tangu mwanzo wa mwaka uliofuata kila mteja atakayenunua kitu kwa kadi, hata mara moja tu katika mwezi, atalipa dola 5 kwa mwezi huo. Kutoa fedha kwenye mashine za benki hiyo kungebaki bure. Wateja wenye akiba kubwa wangesamehewa.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo apige hesabu. Dola 5 kwa mwezi ni dola 60 kwa mwaka. Mwenye dola 300 tu katika akaunti yake angetoa sehemu moja katika tano ya fedha hiyo kwa ajili ya kuitumia. Mwenye dola 50,000 asingetoa kitu. Benki ilidai kwamba ada ni ya kulipia huduma, lakini huduma ilikuwa ni ile ile kwa wote wawili. Kilichotofautiana ni nguvu ya mteja.

Tena benki hiyo ndiyo ile iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1904 na A. P. Giannini, mwana wa wahamiaji kutoka Italia, kwa jina la Bank of Italy. Giannini alisifiwa kwa sababu aliwapokea wachuuzi, wavuvi na vibarua ambao mabenki ya wakubwa yaliwafungia mlango. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1906 alifungua kazi bandarini, akikopesha juu ya ubao uliowekwa kwenye mapipa. Jina lilibadilika mwaka 1930, na mwaka 1998 benki iliunganishwa na nyingine na makao makuu yakahamia Charlotte. Hatusemi kwamba wajukuu wa wavuvi wale walitozwa kwa makusudi. Twasema kwamba taasisi yaweza kuyahifadhi majina ya wazee wake na kusahau sababu iliyowafanya waianzishe.

Watu walikataa. Ombi lililoanzishwa na kijana mmoja wa Washington lilipata sahihi zaidi ya 300,000 katika mwezi mmoja. Seneta Durbin mwenyewe aliwaambia wateja barazani waiache benki hiyo. Wengine walipanga siku ya kuhamisha akaunti, tarehe 5 Novemba, waende katika vyama vya akiba na mikopo. JPMorgan Chase na Wells Fargo, ambazo zilikuwa zinajaribu ada ya dola 3, ziliiacha kabla ya mwisho wa Oktoba. Tarehe 1 Novemba Bank of America nayo ilirudi nyuma, na ada ile haikutozwa hata siku moja.

Yafaa jamaa za Kikatoliki kujua kwamba chama cha kwanza cha namna hiyo katika Marekani, St. Mary's Bank cha Manchester, New Hampshire, kilizaliwa mwaka 1908 parokiani, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda wenye asili ya Kanada. Paroko wao, Monsinyori Pierre Hévey, alimwita Alphonse Desjardins wa Quebec awaonyeshe njia.

Je, benki haina haki ya kutoza chochote? La, hatukubali. Mitambo hununuliwa, walinzi hulipwa, wezi wa kadi huleta hasara. Swali hili Kanisa limekwisha kulikuta zamani. Katika Italia ya karne ya 15 Wafransisko walisimamia mifuko ya kuwakopesha maskini kwa rehani, ili wasianguke mikononi mwa walanguzi. Mifuko hiyo ilidai nyongeza kidogo ya kuwalipa watumishi wake, na wanateolojia wakabishana miaka mingi kama hiyo si riba. Mtaguso wa tano wa Laterano, chini ya Papa Leo wa 10, ulijibu mwaka 1515 kwamba nyongeza hiyo ni halali ikiwa ni ya gharama tu, bila faida juu yake. Mabenki yetu si mifuko ya sadaka, nayo yana wenye hisa wanaongoja gawio. Hata hivyo tofauti ile ingali na maana. Kulipia kazi iliyofanyika ni jambo moja, na kulipia ruhusa ya kuifikia mali yako ni jambo lingine.

Ushindi wa Wamarekani nao haukuwa kamili. Benki nyingi ziliongeza kiasi ambacho mteja lazima akiache katika akaunti ili asitozwe, na wauzaji wa vitu vidogo, kama kikombe cha kahawa, waliona makato yao yakipanda, kwa kuwa wenye mitambo walianza kuwatoza ule mpaka wote wa senti 21. Ada iliyofukuzwa mlangoni hutafuta dirisha.

Hapa kwetu Tanzania twakumbuka mwaka 2022, tozo ya serikali iliyokuwa juu ya miamala ya simu ilipoenezwa hata katika benki. Mtu alijikuta analipa ada ya benki, kodi iliyo juu ya ada hiyo, na tozo tena. Kelele zikawa nyingi, na tarehe 20 Septemba 2022 Waziri wa Fedha alitangaza Bungeni kuondolewa kwa tozo kadhaa tangu Oktoba, ikiwemo ile ya kutoa fedha kwenye mashine isiyozidi shilingi 30,000. Mpaka huo wa shilingi 30,000 wastahili kuangaliwa, kwa maana ulitambua jambo ambalo ada za benki husahau. Tuseme ada ya kutoa fedha ni shilingi 1,000. Atoaye 200,000 hupoteza nusu ya asilimia moja. Atoaye 10,000 hupoteza asilimia kumi. Watamshauri atoe nyingi kwa mara moja, na kwa mwenye mshahara ni shauri jema. Mume na mke wakae siku ya malipo, wahesabu matumizi ya wiki mbili, waende kwenye mashine mara moja. Lakini kibarua ambaye akaunti yake haijapata kufika 50,000 hawezi kulifuata.

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki imweleze mteja ada zake. Basi asiyefahamu aende kaunta aulize: kutoa fedha kwenye mashine ya benki hii ni kiasi gani, ya benki nyingine ni kiasi gani, kadi yenyewe hukatwa nini kwa mwaka, kuuliza salio je? Na mameneja wa matawi twawaomba karatasi ya ada ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee aliyesahau miwani nyumbani aweza kuzisoma kabla hajaingiza kadi yake.