Mafua, chumvi na maji yaliyochemka: tunavyofanya nyumbani Ngungu

Huku kwetu Ngungu, katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, baridi ya usiku ni kali na moshi wa kuni unalala ndani pamoja na watu. Nyumba moja ikipokea familia mbili tatu zilizokimbia vita, mafua ya mtoto mmoja yanageuka ya wote. Kinachoniuma ni kuona mama anatoa pesa ya unga kununua antibiotiki sokoni. Mafua yanaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kwangu tunaanza na chumvi.

Nachemsha maji kwenye sufuria yenye kifuniko, na yakishatokota vizuri nayaacha dakika tatu. Sehemu za chini dakika moja inatosha, lakini panapozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yanahitaji muda zaidi. Yanapoa humo humo, yamefunikwa. Kisha natia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kilichosawazishwa, katika kikombe cha robo lita. Yanayobaki nayamwaga siku hiyo hiyo.

Tafadhali usiruke kuchemsha, hata kama maji ya chemchemi ni meupe kabisa. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, watu wawili walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba ambayo hayakuchemshwa. Kiini chake kilikuwa amiba iitwayo Naegleria fowleri. Ukiimeza haikudhuru, ila ikipita puani inapanda hadi kwenye ubongo.

Kwa koo, piga funda la maji ya uvuguvugu, inua kichwa, sukutua, tema. Kwa pua, nawa mikono kwanza, kinga maji kiganjani, vuta taratibu kwa tundu moja, kisha penga polepole. Waislamu wanaotia udhu wanakijua kitendo hiki tangu utotoni. Ukipenga kwa nguvu unasukuma uchafu kuelekea masikioni. Mtoto mdogo hawezi kusukutua: mdondoshee matone machache puani, hasa kabla ya kunyonya, maana pua iliyoziba inamnyima ziwa.

Je, kuna ushahidi? Upo, ingawa si wa miujiza. Japani, majira ya baridi ya 2002 na 2003, watu 387 waligawanywa makundi. Waliosukutua koo kwa maji matupu waliugua mafua kwa asilimia 36 pungufu kuliko wengine, na waliosukutua kwa dawa ya iodini hawakuwashinda. Edinburgh huko Uskoti, utafiti mdogo uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa waliosafisha pua na koo kwa maji ya chumvi walipona karibu siku mbili mapema. Uliofuata Uingereza mwaka 2024 ulikuwa na watu zaidi ya 13,000: waliopuliza maji ya chumvi puani waliugua wastani wa siku 6.4, wenzao 8.2, na walitumia antibiotiki pungufu kuliko wao. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Antibiotiki ikizoewa ovyo, siku ya nimonia haitafanya kazi.

Na nimonia haiponi kwa chumvi. Surua na kifua kikuu pia haviponi hivyo, na chanjo haina mbadala. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi. Mtoto akiwa na homa na kikohozi, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake dakika nzima. Aliye chini ya miezi miwili akifika 60, wa miezi miwili hadi mwaka akifika 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, acha kikombe hapo mezani umpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usingoje asubuhi.