Mama Aliyepasuliwa ili Apungue Uzito, na Mimba

Mama mpenzi, pengine dada yako ao binti yako alikuwa mnene sana, akaenda Ulaya, Bara Hindi ao Afrika ya Kusini, wakampasua na kupunguza mfuko wake wa chakula. Pengine ni wewe mwenyewe. Wanganga wa kule walikufundisha namna ya kula. Juu ya uzazi pengine hawakusema mengi.

Unene mwingi unaweza kuvuruga mwezi wa mwanamke. Wengine wanakaa miaka bila kuzaa, na jamaa wanawaita tasa. Halafu wanapasuliwa, uzito unashuka, na yai linaanza kutoka tena, hata mbele mama hajaona damu ya mwezi. Yule aliyeitwa tasa anashika mimba bila kujua.

Lakini wakati ule mama anakula kidogo sana. Chuma na vitamini zinapunguka katika damu yake. Mtoto anaweza kukosa vya kumkuza tumboni, akazaliwa mdogo. Kwa hiyo wanganga wanaomba mama angoje miezi 12 mpaka 18 kisha kupasuliwa. Wengine wanasema hata 24. Tunajua neno hili ni gumu. Bwana amengoja miaka, mama mkwe anauliza kila siku, na sasa unaambiwa ungoje tena! Basi, siku ya mashauri uje na bwana yako, asikie kwa masikio yake kwamba hakuna anayemnyima mtoto.

Utajikinga na nini? Uliza kwanza: walipunguza mfuko tu, ao waligeuza na njia ya matumbo? Kama njia iligeuzwa, usitegemee kinini za kuzuia mimba, kwa sababu dawa inaweza kupita bila kuingia yote katika damu. Hata kama ni mfuko tu, ukitapika ao ukiharisha, kinini inapotea. Tena kinini zenye estrojeni zinaongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa, zaidi kwa mtu mnene anayepasuliwa. Zinaachwa juma 4 mbele, na unapewa kinga nyingine.

Iliyo bora ni dawa isiyopita tumboni: kijiti cha mkononi, ao kitanzi, ndiyo ile wengi wanaita sterile. Kitanzi cha shaba kinaweza kukaa miaka 10, lakini ukitaka mtoto kinatolewa siku yoyote. Kinazidisha damu ya mwezi. Kama una upungufu wa damu, kijiti kinafaa zaidi. Sindano ya miezi 3 inazuia mimba vizuri, lakini inaweza kunenepesha tena na kuchelewesha uzazi kurudi. Mama anayehesabu miezi haitamfurahisha. Uliza haya yote mbele ya kusafiri.

Na mimba ikija mbele ya wakati? Usiifiche. Uje mapema, tupime damu yako, upate chuma na vitamini. Mwambie mzalishaji kwamba ulipasuliwa. Akitaka kukunywesha maji ya sukari kwa kupima ugonjwa wa sukari, mkumbushe tena: maji hayo yanaweza kukutoa jasho na kukuangusha, na kuna namna nyingine ya kupima.