Mtoto wa Kulea: Yosefu, Sheria na Jumuiya Zetu



Somo la leo ni juu ya watoto wanaolelewa na watu wasiowazaa. Kwetu Mbulu na Hanang jambo hili si geni. Ingia jumuiya yoyote, iwe Dongobesh au Katesh, tazama watoto waliokaa kwenye mkeka, halafu uliza mama zao ni nani. Utajibiwa: huyu wa marehemu dada, yule wa shangazi, yule aliletwa tu na bibi tangu mdogo. Tunalea sana. Ila tunalea kimya kimya, bila karatasi, na hapo ndipo penye shida.

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Asubuhi ile tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikapiga Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wako watoto waliobaki bila wazazi. Misaada ilikuja mingi, na tunamshukuru Mungu. Lakini unga unaisha, magari ya msaada yanaondoka, na mtoto wa miaka mitatu bado ana miaka kumi na mitano ya kulelewa. Nani atasaini fomu yake ya shule? Nani atasimama kama mzazi wake akilazwa hospitali?

Sasa Kanisa linasemaje? Wengi wetu tunadhani kulea mtoto wa mwingine ni huruma tu, kama kugawa nguo kipindi cha Kwaresima. Sheria ya Kanisa inakwenda mbali zaidi. Kanuni ya 110 inasema mtoto aliyeasiliwa kwa sheria ya nchi anahesabiwa kuwa mtoto wa wale waliomwasili. Na Kanuni ya 1094 inazuia ndoa kati ya aliyeasiliwa na mzazi wake huyo, au na ndugu aliyempata kwa kuasiliwa. Hebu fikiri kidogo hapo. Kama undugu ule ungekuwa wa jina tu, kwa nini uzuie ndoa?

(Nilisoma falsafa kabla ya teolojia, kwa hiyo mnivumilie.) Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya tatu ya Summa, swali la 23, anatofautisha hivi: mwanadamu anapoasili humchagua yule anayemwona tayari anafaa, lakini Mungu anapotufanya wana humfanya asiyefaa awe anafaa, kwa neema. Na Mtume Paulo alipotaka kueleza wokovu kwa Warumi, Wagalatia na Waefeso, alichukua neno la mambo ya sheria: kufanywa wana. Yaani wewe na mimi kwa ubatizo ni watoto wa kuasiliwa. Anayemwita mtoto wa jirani "huyo wa kuokotwa" amejitukana mwenyewe.

Mtakatifu Yosefu hakumzaa Yesu. Alimpa jina, na kwa Wayahudi kumpa mtoto jina ilikuwa kumkubali mbele ya sheria. Ni kwa njia ya Yosefu Yesu anahesabiwa katika ukoo wa Daudi. Baba Mtakatifu Fransisko alikumbusha jambo hilo katika barua yake Patris Corde ya mwaka 2020. Kwa hiyo upendo wa Yosefu ulikuwa pia na upande wa sheria, na sisi tunaupuuza upande huo.

Nimemfahamu kijana mmoja aliyelelewa na mama mkubwa wa kijijini, asiye ndugu yake wa damu. Alimlisha, alimsomesha, alimpeleka Komunyo ya kwanza. Yule mama alipofariki, kabla hata arobaini haijafika, ndugu walikaa kugawana shamba. Kijana akiwa kidato cha pili akaambiwa yeye ni mgeni. Hakukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha vingine. Na ninyi mnajua ardhi ya Mbulu ilivyo finyu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina njia za kuepuka hayo. Nyepesi kidogo ni malezi ya kambo: ofisa ustawi wa jamii anakagua familia, mtoto anakaa kwenu na ofisa anaendelea kufuatilia. (Neno "kambo" limeharibiwa na hadithi za mama wa kambo, lakini msiliogope.) Hapo mtoto habadilishi ukoo na harithi moja kwa moja, kwa hiyo mlezi anayempenda aandike wosia mapema. Wapo pia wanaoitwa watu wa kuaminika, wanaojitolea kumpokea mtoto kwa dharura, siku chache au wiki kadhaa, mpaka apatikane ndugu.

Kuasili ni hatua kubwa. Ombi linapelekwa Mahakama Kuu, ambayo sasa ina masjala ndogo Babati. Mwombaji asiye ndugu awe na angalau miaka 25, na amzidi mtoto miaka 21. Amri ikitoka, haki na wajibu wote wa mzazi vinahamia kwako. Ndiyo maana kuasili si kwa kila mtoto. Mwenye baba aliye hai, aliyekwenda Mirerani kutafuta madini na anapiga simu mara moja kwa mwezi, huyo ana baba. Msaidieni baba arudi kwanza.

Pa kuanzia ni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, naye atawaelekeza kwa ofisa ustawi wa halmashauri yenu. Mbulu ziko mbili, ya mji na ya wilaya, uliza yako ni ipi.

Kuna jambo moja ni lazima niliseme. Binti wa miaka 12 anayechukuliwa Katesh kupelekwa Arusha "akalelewe na kusomeshwa", kisha akaamka saa kumi alfajiri kuosha vyombo na shule haioni, huyo halelewi. Anatumikishwa. Ukijua kisa cha namna hiyo piga 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto. Kama aliyemchukua ni mwanajumuiya, piga vilevile.

Na familia inayolea tuisaidieje? Shule haina ada, sawa, lakini kuna sare, daftari na mchango wa chakula. Bibi wa miaka sabini anayelea wajukuu wanne anahitaji pia kijana wa kumlimia nusu eka, wa kumpeleka mtoto kliniki, na wa kukaa naye kwenye benchi pale ofisi ya ustawi, maana fomu zile humtisha. VIWAWA na TYCS wanaweza kufanya hayo bila harambee wala fulana mpya.

Ya kujadili kwenye jumuiya wiki hii:

Ni watoto gani kwetu wanaoishi na walezi wasio na karatasi yoyote, wala cheti cha kuzaliwa? Nani ataongozana na mlezi gani kwenda kwa ofisa ustawi, na siku gani?