Wimbo Wako Ukikataliwa Kwenye Filamu



Leo naongea na nyie mnaopeleka nyimbo zenu kwa watengeneza filamu na vipindi vya televisheni. Huku kwetu watu wa kamera hawaishi kuja Serengeti kufuata nyumbu wanaovuka Mto Mara, na kijana wa Tarime mwenye litungu lake anaona mlango upo. Anatuma. Jibu linakuja: asante, hatutautumia. Mara nyingine hajibiwi kabisa. Namfahamu mmoja ambaye tangu siku hiyo litungu limetundikwa ukutani, hata harusini hapigi tena.

Kuumia siyo dhambi. Shida ni ule mruko: kutoka "wimbo huu haukuchukuliwa" mpaka "sina kipaji," halafu "Mungu hakuniita." Kwenye falsafa hilo ni hitimisho lisilotoka kwenye hoja zake. Mwongozaji amesema juu ya filamu yake, wewe hakukuzungumzia.

Mchukue Alex North. Alitunga na kurekodi muziki wa filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968. Lakini Kubrick alikuwa ameweka muziki wa watunzi wengine kwa muda wakati wa kuhariri, akauzoea, akaubakiza. North akaja kujua alipoitazama filamu New York: hamna hata noti yake moja. Aisee! Hakuacha kutunga. Mwaka 1986 alipewa Oscar ya heshima, na ule muziki uliokataliwa ukarekodiwa upya mwaka 1993.

Sababu nyingine ni za kawaida kabisa. Msimuliaji anaongea, na maneno ya wimbo yanagongana na yake. Ndiyo maana ni vizuri kuwa na toleo la ala tupu. Ila kinachoziangusha kwaya zetu, kwa maoni yangu, ni karatasi. Filamu inahitaji ruhusa mbili: ya utunzi na ya rekodi. Sasa mwalimu katunga, waamini wamechanga, studio imerekodi, hakuna kilichoandikwa. Mtayarishaji akiuliza nani anasaini, watu watatu wanatazamana. Ataukataa hata kama umemtoa machozi, maana akishtakiwa baadaye filamu yake ndiyo itakayokwama.

Ukikataliwa, shukuru. Uliza mara moja tu kama angependa kusikia nyingine. Usibishane.

Kisha soma Mdo 16:6-10. Paulo na wenzake wanazuiwa Asia, wanajaribu Bithinia, nako hawaruhusiwi, wanateremka Troa. Luka haelezi kwa nini. Sisemi kila baruapepe ya kukataa imetoka kwa Roho Mtakatifu (nyingine ni bajeti tu jamani), ila ona kwamba Paulo alifika Troa akiwa bado yuko safarini.

Kwa wanakwaya: kwenye mazoezi yajayo chukueni daftari, wimbo kwa wimbo. Nani katunga? Nani kalipia studio? Nani atasaini? Mkikubaliana, ulizieni COSOTA namna ya kuandikisha kazi zenu.