Simu Yako na Woga wa Hesabu

Wapo wanachuo waliochagua kozi wakikwepa hesabu, halafu mwaka wa pili wakakutana nayo tena, safari hii ikiitwa takwimu. Wakati huo sapu inanukia na woga uko palepale.

Woga huo mara nyingi hautokani na namba zenyewe. Unatokana na kuitwa ubaoni, kukosea na kuchekwa. Hapo ndipo simu inaweza kusaidia: hesabu inabaki ngumu vilevile, ila unapata pa kukosea bila aibu.

Chukua GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 huko Salzburg, Austria. Andika y = ax², kisha sogeza thamani ya a. Ikitoka 1 kwenda 3, mkunjo unabana. Ikiwa 0, unabaki mstari mlalo. Ikiwa −1, mkunjo unapinduka. Siri ni moja: kabla ya kusogeza, bashiri kitakachotokea. Ukikosea, jaribu tena.

Pili, kundi la WhatsApp. Mengi yamejaa picha za majibu, na jibu tupu halimfundishi mtu. Tuma hatua uliyokwamia. Mfano, data ni 4, 7, 7, 10 na wastani wake ni 7. Mwenzako anaandika: "Nimejumlisha tofauti, −3, 0, 0 na 3, nimepata 0. Sasa mtawanyiko uko wapi?" Mjibu kwa sauti, sekunde 30 zinatosha: hasi na chanya zimefutana, ndiyo maana kila tofauti tunaipandisha kipeo cha pili. Tunapata 9, 0, 0 na 9, jumla 18. Gawa kwa 4, variansi ni 4.5. Aliyeuliza ameelewa, na wewe uliyeeleza umeelewa zaidi.

Angalizo: programu za kupiga picha swali na kupewa jibu zitumie kuhakiki tu, maana kwenye UE simu inabaki nje.

Kwa wanaosomea ualimu, jambo hili ni zito zaidi. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa kidato cha nne. Ukienda mazoezi ya kufundisha na woga wako, wanafunzi watauona kabla hujafika ubaoni. Basi anza kuupunguza wiki hii, kwa swali moja tu.