Kisukari si Ugonjwa wa Matajiri Tu

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu akiacha mashine kila mara kwenda kukojoa, akinywa maji bila kiu kuisha na huku anakonda, msimamizi humwita mvivu. Sisi twasema aruhusiwe kwenda zahanati bila kukatwa mshahara, akapimwe damu. Asubuhi kabla ya kula, sukari ikifika milimoli 7.0 kwa lita, ni kisukari. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine.

Kisha iulizwe ni aina gani. Katika aina ya 1 kongosho limeacha kutoa insulini. Mgonjwa akikosa sindano hufa. Katika aina ya 2, iliyoenea zaidi, insulini ipo lakini mwili hauitii, na wengi huanza na vidonge. Ipo pia ya wajawazito.

Wanaodhani ni ugonjwa wa wanene wasikie: mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kisukari cha utapiamlo, mwaka 1999 likakifuta, na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakirudisha kwa jina la aina ya 5. Basi mkata mkonge mwembamba naye apimwe. Akikutwa nacho, atazame nyayo zake kila jioni, maana ganzi humficha mtu kidonda.